Utah, Mahali Maji Yalipopita

Barabara kuu namba 15 inayotoka Las Vegas kwenda kaskazini hupita kwanza katika nyika kavu isiyo na kitu cha kumzuia msafiri asisinzie. Halafu, bila kuaga, inajitosa katika korongo la Mto Virgin. Kuta za mawe zinainuka kushoto na kulia, barabara inauvuka mto kwa daraja moja baada ya jingine, na madereva wa malori wanapunguza mwendo na kushika usukani kwa mikono miwili. Hiyo ni pembe ndogo ya jimbo la Arizona. Ukiibuka upande wa pili umeingia Utah, na mwezi Septemba saa yako inabidi uisogeze mbele kwa saa moja.

Dereva wangu alikuwa anaijua kazi yake. Ni mume wa binamu yangu, mzaliwa wa Uvira aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule kwetu Kasulu, na sasa anaendesha malori ya mizigo akitokea Salt Lake City, mji mkuu wa jimbo hilo. Alikuwa amechukua likizo ili anionyeshe Utah kwa gari dogo. "Siyo ile ninayoiona mimi usiku, shemeji, ya taa na mizani." Nilimwuliza kwa nini tuanzie kusini kabisa, mbali na nyumbani kwake. Akauonyesha mto kwa kidevu. "Tufuate maji. Huku kila habari ni habari ya maji."

Nilicheka, maana nje hapakuwa na jani. Utah, pamoja na jirani yake Nevada, ni miongoni mwa majimbo makavu kuliko yote Marekani, na mto wenyewe ulikuwa wa kuvuka kwa kupandisha suruali magotini. Lakini tulipoingia St. George, mji wa kwanza, nikaona viwanja vya gofu vya kijani kibichi, bustani za nyasi mbele ya nyumba mpya, na mitaa inayozidi kupanda vilima vyekundu. Ni moja ya sehemu za Marekani ambazo idadi ya watu imekuwa ikikua kwa kasi kubwa, na karibu maji yake yote yanatoka kwenye bonde la mto ule mdogo.

Hifadhi ya Taifa ya Zion, kongwe kati ya hifadhi tano za taifa za Utah, ilipata hadhi hiyo mwaka 1919. Sehemu kubwa ya mwaka huruhusiwi kuingia na gari lako ndani ya korongo. Unaliacha nje na kupanda basi la hifadhi, utaratibu ulioanza mwaka 2000 baada ya magari kuziba barabara. Nilishukuru, kwa kuwa mtu anayeendesha gari Zion hawezi kuiona. Kuta zina rangi ya kutu chini na weupe juu, na baadhi zinapita meta 600 kwenda juu. Ukisogea karibu unaona mistari iliyolala mshazari ndani ya jiwe. Hayo ni matabaka ya vilima vya mchanga vilivyopeperushwa na upepo wa jangwa la kale, zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita, vikafukiwa na kugandamana kuwa mwamba. Baadaye ardhi ikainuka, mto ukapata mteremko, ukaanza kukata.

Mwisho wa safari ya basi kuna njia ya miguu kandokando ya mto. Hapo ndipo nilipolielewa jangwa hili. Kuta zilikuwa zinachuruzika. Mvua na theluji inayoanguka juu kabisa ya mwamba hupenya taratibu kwenye jiwe la mchanga, inashuka mpaka ikutane na tabaka gumu la chini lisilopitisha maji, kisha inalazimika kutokea ubavuni. Wataalamu wamepima maji ya namna hiyo humu Zion wakakuta mengine yamekaa ndani ya jiwe zaidi ya miaka elfu moja. Panapochuruzika pameota mimea ya majani laini na maua, bustani inayoning'inia ukutani, na hatua chache kutoka hapo kuna dungusi kakamavu juu ya mchanga mkavu.

Njia inapoishia, wenye viatu vya kukodi na fimbo wanaendelea kutembea ndani ya maji yenyewe, kwenye sehemu ambako kuta zinabanana. Kwenye kituo cha wageni kuna ubao unaotangaza kila siku uwezekano wa mafuriko ya ghafla. Juu yako jua linaweza kuwaka kabisa, kumbe mvua imenyesha mbali kwenye miamba mitupu isiyonyonya kitu, na maji yote yanakuja kupita kwenye mwanya ule mwembamba. Septemba 2015 watu saba walikufa hivyo katika korongo moja jembamba la hifadhi hii. Shemeji, ambaye amevuka milima ya theluji usiku na tela mbili nyuma yake, aliusoma ubao mara mbili. Siku hiyo uliruhusu. Tukaingia mpaka mapajani, maji yakiwa baridi ya kuuma, tukageuka mapema.

Tulitoka Zion kwa handaki lililofunguliwa mwaka 1930, lenye urefu wa karibu kilometa 1.8, likiwa na madirisha yaliyotobolewa ubavuni mwa mlima. Kutoka hapo nchi inapanda. Bryce Canyon iko kwenye mwinuko wa meta 2,400 na zaidi, na asubuhi yake ya Septemba ilinikuta nimevaa kila nguo niliyobeba.

Bryce inaitwa korongo, lakini hakuna mto ulioichimba. Ni ukingo wa uwanda wa juu unaomomonyoka kwa nyuma na kuacha mabakuli makubwa yaliyojaa nguzo za mawe, maelfu kwa maelfu, za rangi ya chungwa, waridi na nyeupe. Ebenezer Bryce, mlowezi wa karne ya 19 ambaye jina lake limebaki hapo, alikuwa fundi seremala na mfugaji. Wapaiute, waliokuwapo kabla yake, husimulia kuwa nguzo zile ni viumbe wa kale waliogeuzwa mawe na Koyote kwa ajili ya ubaya wao. Wanajiolojia nao wanaitaja barafu. Karibu nusu ya siku za mwaka mchana huyeyusha na usiku hugandisha. Maji huingia kwenye ufa, yakiganda yanatanuka, ufa unapanuka. Tulishuka katikati ya nguzo jua lilipochomoza, na njiani kila mara nilisikia vijiwe vikidondoka pembeni bila mtu wala mnyama kuvigusa. Kazi ilikuwa inaendelea mbele ya macho yetu.

Kutoka Bryce kwenda mashariki kuna barabara namba 12, na kama mtu ana nafasi ya kuendesha gari barabara moja tu katika jimbo zima, aende hiyo. Mahali fulani inapita juu ya mgongo wa jiwe mwembamba, pande zote mbili ni shimo. Kisha inapanda Mlima Boulder hadi karibu meta 2,900, ambako hakuna tena jangwa: kuna nyasi, ng'ombe, na misitu ya mti uitwao aspeni, wenye gamba jeupe, ambao majani yake yalikuwa yamegeuka manjano yote kwa pamoja. Aspeni huzaliana kwa mizizi. Katika jimbo hilihili, karibu na Ziwa Fish, kuna msitu wa mashina kama 47,000 ambao kwa kweli ni mti mmoja, mzizi mmoja. Theluji inayolala milimani kama hapa wakati wa baridi ndiyo hazina ya Utah. Ikiyeyuka majira ya kuchipua ndipo mito hujaa.

Tuliteremka mpaka Capitol Reef, hifadhi ambayo wageni wengi huipita haraka. Ardhi pale imejikunja kwa urefu wa karibu kilometa 160, ukuta ambao wasafiri wa magari ya farasi walishindwa kuuvuka. Mahali Mto Fremont unapoupenya, kwenye kuta za mawe kuna michoro ya watu na kondoo wa milimani iliyokwaruzwa na wakulima wa kale waliolima mahindi hapo kabla ya mwaka 1300. Miaka ya 1880 wakaja walowezi Wamormoni, wakachimba mifereji na kupanda miti ya matunda. Kijiji chao, Fruita, kimehamwa, lakini miti imebaki na hifadhi inaitunza na kuimwagilia kwa mifereji. Msimu wa matofaa ulikuwa umeanza. Ukiwa ndani ya shamba lililofunguliwa unakula bure; ukitaka kuondoka nayo unapima mwenyewe kwenye mizani na kutumbukiza pesa sandukuni. Shemeji alijaza mfuko wa binamu yangu. Mimi nilikula huku nikitazama ule ukuta mwekundu uliosimama juu ya mifereji.

Tukaendelea hadi Moab, mji wa baiskeli, mitumbwi ya mpira na hoteli ghali. Miaka ya 1950 ulitajirika kwa urani, baada ya Charlie Steen kuigundua karibu na hapo mwaka 1952. Leo unaishi kwa matao. Hifadhi ya Arches ina matao ya mawe zaidi ya 2,000, na asili yake ni chumvi. Miaka kama milioni 300 iliyopita bahari ilikuwa ikiingia hapa na kukauka, ikaingia na kukauka, ikaacha tabaka nene la chumvi. Mawe yakajirundika juu yake. Chumvi ikielemewa na uzito huo huanza kusogea na kuvimba, na mwamba wa juu ukapasuka kwa mistari iliyo sambamba. Maji yakaingia kwenye mipasuko, yakabaki mapezi membamba ya jiwe, na mapezi mengine yakatoboka.

Tulipanda kwenda kuliona tao ambalo watu wa Utah wameliweka hata kwenye namba za magari yao, Delicate Arch. Njia yake ni mwamba mtupu usio na kivuli, na chupa zetu zilikuwa zimekwisha kabla ya kurudi garini. Siku iliyofuata tulikwenda Landscape Arch, lenye upana wa meta 93, utepe wa jiwe unaoonekana hauwezi kujibeba. Mwaka 1991 kipande kikubwa kilidondoka kutoka chini yake mbele ya wageni waliokuwa wamepumzika hapo. Tangu hapo njia ya kupita chini imefungwa.

Canyonlands iko jirani, ila ni kubwa zaidi na haina haraka. Ukisimama ukingoni unaona korongo ndani ya korongo, na chini kabisa mito miwili, Green na Colorado, inayokwenda kukutana. Mwaka 1869 John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipita huko chini na wenzake tisa kwa mashua nne, safari ambayo si wote waliimaliza. Powell alijifunza kitu ambacho wanasiasa hawakutaka kukisikia. Mwaka 1878 aliiandikia serikali kwamba ardhi kavu ya Magharibi isigawanywe kwa rula kwenye ramani. Igawanywe kwa kufuata maji, kwa kuwa hayatoshi kwa kila mtu. Hakusikilizwa. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana Mto Colorado kwa mkataba, yakahesabu maji mengi kuliko yale mto unayoweza kuleta mwaka hadi mwaka, na mpaka leo yanavutana juu ya hesabu hiyo.

Tulinunua matikiti mjini Green River, ambao unasifika kwa hayo, tukavuka milima na kushuka kwenye bonde la Salt Lake City jioni, taa zikiwaka. Binamu alitupokea kwa ugali na dagaa. Katika duka alikovinunua unga na dagaa vile, Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura na cha Kigoma vinasikika kwenye foleni moja, na pembeni kuna madumu ya mafuta ya mawese. Wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi wamepewa makazi katika mji huu, na Jumapili kuna ibada za Kiswahili.

Mji wenyewe umepangwa kwa namna ambayo mgeni hapotei. Hesabu inaanza kwenye kiwanja cha Hekalu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mitaa mingi inaitwa kwa umbali na upande wake kutoka hapo, mashariki au magharibi, kusini au kaskazini. Mitaa ya katikati ni mipana mno. Inasimuliwa kuwa Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, waumini wa kanisa hilo, waliofika Julai 1847, alitaka gari la maksai liweze kugeuka bila shida. Hekalu lilijengwa kwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893, kwa mawe yaliyoletwa kutoka korongo la mlimani. Nililikuta limezungukwa na mitambo, likiimarishwa lisidhurike na tetemeko la ardhi.

Shemeji hakuniacha nikae sana hapo. Alinipeleka kwenye kijito kinachoshuka kutoka milimani, nyuma ya Jengo la Bunge la jimbo. Julai 23, 1847, siku moja kabla Young hajaingia bondeni, kundi lake la mbele lilikuwa limekwisha kuzuia kijito hicho na kulainisha ardhi ili jembe lipite, wakapanda viazi. Mji ulianza na mfereji. Hata leo sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Salt Lake City hutoka kwenye makorongo ya milima inayoonekana dirishani.

Jengo la Bunge, lililokamilika mwaka 1916, liko wazi kwa mtu yeyote, bila kiingilio. Ndani, juu kabisa ya kuba, wamechorwa shakwe wakiruka mawinguni. Ni ndege wa jimbo, kwa sababu ya mwaka 1848: nzige wasioruka walikuwa wanamaliza mazao, shakwe wakatoka ziwani wakawala, na walowezi wakauita muujiza. Niliwatazama muda mrefu, kisha nikaomba tuende kwenye ziwa lao.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, na nilidhani ninajua ziwa ni nini. Tanganyika lina kina cha meta 1,470 na lina mlango, Mto Lukuga, unaopeleka maji yake Kongo, ndiyo maana tunayanywa. Great Salt Lake halina mlango. Mito inaingia, jua linachukua maji, chumvi inabaki. Ni mabaki ya ziwa la kale lililokuwa na kina cha karibu meta 300, na mistari ya fukwe zake bado inaonekana milimani, juu ya mapaa ya nyumba. Hili la leo, mahali penye kina kirefu, ni kama meta kumi tu. Samaki hawaishi katika sehemu kubwa ya maji yake. Wanaishi uduvi wadogo na nzi wa chumvi, na mamilioni ya ndege wahamiaji wanawategemea.

Tulivuka tuta la barabara kwenda Kisiwa cha Antelope, ambako nyati wa Marekani waliletwa mwaka 1893 na kundi lao bado linakula nyasi huko. Pande mbili za barabara nilitarajia maji. Kwa mwendo mrefu niliona tope jeupe lililopasuka. Novemba 2022 ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze mwaka 1847. Majira ya baridi yaliyofuata yalileta theluji ya kuvunja rekodi, likapanda, kisha likaanza kushuka tena. Joto na ukame vimechangia, lakini sababu kubwa ni kwamba mito inayoliingia inachepushwa njiani, sehemu kubwa kwa kilimo, hasa majani ya kulishia ng'ombe, na iliyobaki kwa viwanda, miji na zile bustani za nyasi. Sakafu ya ziwa ikikauka hutimka vumbi lenye aseniki, na vumbi hilo linaelekea mjini.

Wanalijua hili. Kwa sheria ya zamani, mkulima asiyetumia maji yake kwa miaka saba aliweza kupoteza haki nayo, hivyo kila mtu aliyamwaga shambani hata akiwa hayahitaji. Mwaka 2022 Bunge lilibadilisha mambo, likaruhusu maji yaachwe yafike ziwani bila mwenyewe kuadhibiwa, likatenga dola milioni 40 kwa ajili ya kulinusuru ziwa. Jimbo pia linawalipa wenye nyumba wanaong'oa nyasi. Shemeji ameng'oa zake. Nilimwuliza kama itatosha. "Mimi nimekulia kambini, shemeji. Maji yalikuwa kwa foleni na ndoo, na kila mtu alijua zamu yake. Hawa hawajawahi kupanga foleni."

Wageni wengi wa Utah hutua Salt Lake City, hulala usiku mmoja, na asubuhi hukimbilia kusini kwenye mawe mekundu. Ningewashauri wafanye kinyume, kama nilivyofanyiwa: waanzie Zion na wamalizie ziwani, na waende Septemba au Oktoba, jua likiwa limepunguza ukali. Huko kusini utaona maji machache yakifanya kazi kubwa kwa mamilioni ya miaka, nawe hutakuwa na la kufanya isipokuwa kusoma ubao wa mafuriko na kutii. Huku kaskazini utaona kazi ya watu, ambayo haijafikisha hata miaka 200. Hiyo bado inaweza kujadiliwa, katika jengo lenye shakwe darini, ambako wabunge hukutana kila Januari na wewe unaruhusiwa kuingia na kusikiliza.